Dalali mlangoni na hukumu usiyoijua

SWALI: Nimepanga nyumba Kayole, Nairobi, kodi shilingi 14,000 kwa mwezi. Jumatatu dalali wa kutekeleza amri za mahakama alibandika karatasi mlangoni nihame kwa siku saba, ati kuna hukumu ya mahakama. Sikuwahi kuona samansi, yaani wito wa kufika mahakamani. Naweza kuzuia? – Mpangaji, Kayole

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Unaweza, ila siku hizo saba usizimalize kwa kumbembeleza mwenye nyumba. Chukua namba ya kesi iliyo kwenye karatasi hiyo, nenda masijala (ofisi ya faili) ya mahakama iliyotoa hukumu, uombe kusoma faili. Tafuta kiapo cha aliyepeleka samansi. Kinatakiwa kueleza alikupata wapi, siku gani, saa ngapi, na ni nani aliyemwonyesha kuwa ni wewe. Kikisema alikukuta nyumbani saa nne asubuhi, na siku hiyo ulitia sahihi kazini, leta nakala ya rejesta hiyo. Waweza pia kuomba aliyeapa kiapo hicho aitwe ahojiwe; Agizo la 5, kanuni ya 16, la Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, linaruhusu.

Kisha wasilisha ombi chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, la kanuni hizo, hukumu itenguliwe (ifutwe), na Agizo la 22, kanuni ya 22, utekelezaji usimamishwe. Ambatisha cheti cha dharura (cha kuomba usikilizwe haraka), kiapo chako na rasimu ya utetezi. Hiyo rasimu ndiyo wengi husahau. Wanajaza kiapo kwa habari za watoto na shule, mambo mazito kweli, lakini hakimu anauliza mawili: samansi ilifika? Kama ilifika, una utetezi wa kusikilizwa? Isipofika kabisa, kutenguliwa kwa hukumu ni haki yako.

Utetezi mara nyingi umo kwenye notisi ya kuhama aliyokupa mwenye nyumba, si karatasi ya dalali. Kwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, notisi ya mpangaji wa mwezi kwa mwezi haipungui mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Kama unalipa tarehe 5 na ulipewa notisi Machi 20, mwisho wake ni Mei 5, si Aprili 20. Hesabu siku za notisi yako kwanza.

Kodi endelea kulipa na utunze jumbe za M-Pesa. Akikataa kupokea, omba uiweke mahakamani.

Amri ya kusimamisha utekelezaji ikitoka, usiende kulala. Chukua nakala yenye muhuri, mpe dalali na mwenye nyumba siku hiyo hiyo, nyingine ipeleke kituo cha polisi. Dalali asiyejua kuna amri ataendelea kutoa vitanda nje.

SWALI: Mimi nilihudhuria kesi nikashindwa. Nimekata rufaa, mbona dalali bado anakuja? – Mama Neema, Mombasa

JIBU: Mama Neema, rufaa peke yake haisimamishi chochote. Lazima uombe zuio la utekelezaji wa hukumu chini ya Agizo la 42, kanuni ya 6, ukianzia mahakama iliyokuhukumu. Onyesha utapata hasara kubwa, hujachelewa, na uko tayari kuweka dhamana. La dhamana ndilo linaloangusha wengi: taja kiasi mwenyewe kwenye kiapo, kwa mfano malimbikizo yote ya kodi, usingoje kuulizwa. Na kama rufaa yenyewe haijawasilishwa rasmi, una siku 30 tangu hukumu kutoka kwa hakimu.