Sarafu ya shaba imeota kijani, usikimbilie ndimu

Mbukwenyi jamani. Ikifika msimu wa kulima huku kwetu Dodoma simu yangu inajaa picha za sarafu. Mtu kalima shamba Bahi, au Mpwapwa, au kule Kilimatinde upande wa Manyoni, jembe limegonga kitu, anakuta kiduara cha kijani kimeota magamba na swali ni lile lile, kaka niisafishe na nini ing'ae? Jibu langu ni usiing'arishe kabisa, na nitaeleza kwa nini maana watu wakiambiwa tu "acha" hawaachi.

Mimi si mtu wa makumbusho, nakusanya tu, tena hizi za bei ndogo za shaba. Huku kati nyingi zinazotoka ardhini ni heller za Mjerumani, zile za kuanzia 1904 zenye taji upande mmoja na shada la majani upande wa pili, halafu senti kumi na senti tano za Mwingereza zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Mara moja moja zinatoka sarafu zilizoitwa pesa, za kampuni ya Wajerumani za 1890 mpaka 1892, zina tai upande huu na maandishi ya Kiarabu upande ule. Heller moja zilipigwa kwa mamilioni kwa hiyo ukiipata usianze kuhesabu kiwanja, na akija mtu anakwambia hiyo ni rupia ya miujiza inayovuta mchele, na anataka milioni kadhaa za "vipimo", huyo ni tapeli, mfunge mlango.

Sasa turudi kwenye kutu. Shaba ikilala chini miaka mia inabadilika yenyewe kutoka nje kwenda ndani, ukiweza kuikata utaona shaba nzima katikati, juu yake tabaka jekundu jekundu, juu yake kijani, na juu kabisa udongo uliogandia. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kwenye sarafu iliyoliwa sana, ile taji na mwaka na herufi mara nyingi havipo tena kwenye shaba, vimebaki humo humo kwenye matabaka ya kutu. Ndimu, siki, ukwaju, soda ya kola, vyote ni asidi na asidi inayeyusha kutu yote bila kuchagua, kwa hiyo unatoa kijani na maandishi yanaondoka nayo, unabaki na kisahani cha rangi ya waridi kina vishimo vishimo. Umesafisha kweli, ila umesafisha na sarafu yenyewe. Majivu na mchanga au stili waya ndo usiseme, hivyo ni vya masufuria.

Kuna mzee mmoja wa Mpwapwa aliwahi kunionyesha pesa ya 1890, mjukuu wake tayari kashika chupa ya siki. Nikaiweka chini ya lenzi karibu na dirisha, mwanga ukija ubavuni. Ilikuwa kijani cheusi, ngumu, laini ukipitisha ukucha, na ukiinamisha kidogo bawa la tai linatokea lote na manyoya yake. Nikamwambia shikamoo mzee, hii tusiioshe. Akasema, "Sasa mwanangu, chafu hivi nani atainunua?" Nikamwambia baba, wanaozinunua wanazitaka hivi hivi, wakiona imesuguliwa wanashusha bei au wanaondoka. Hakuniamini sana lakini siki ilirudi jikoni.

Ila pesa ile ile ilikuwa na kitu kingine ubavuni, vidoa viwili vya unga, kijani mpauko, ukigusa na kijiti cha meno unadondoka. Hapo ndo pa kuangalia kuliko pote. Kijani kigumu kimetulia, hata kinailinda shaba iliyo chini yake. Unga mpauko ni ugonjwa, ni chumvi imeingia ndani ya shaba na ikipata unyevu wa hewa inaendelea kula, hata ukiwa umeifungia kabatini. Sarafu za mbuga zenye chumvi chumvi kama Bahi nazitilia mashaka zaidi. Kiangazi chetu ni kikavu kwa hiyo unga unaweza kutulia ukadhani umepona, subiri mvua za Desemba. Kama huna uhakika, iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na pamba iliyoloweshwa maji isiyoigusa, siku moja au mbili hivi, ukikuta unga mpya wa kijani basi jibu umepata.

Yenye ugonjwa ndo ya kushughulikia. Chokoa unga taratibu kwa kijiti, loweka kwenye maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale wanayoongezea kwenye betri za gari (angalia chupa vizuri isiwe asidi ya betri!), badilisha maji kila siku chache, na usiwe na haraka, hii ni kazi ya wiki na wiki. Maji ya bomba yetu hapana, yana chumvi, ndiyo unayoikimbia. Kuna watu watakwambia tumia magadi na hawajakosea sana, maana dawa ambayo makumbusho yamekuwa yakitumia kwa ugonjwa huu kwa kemia ni ndugu wa magadi kabisa, tatizo magadi ya sokoni yanakuja na chumvi na udongo wake, na hata yakiwa safi yanaweza kubadilisha rangi ya sarafu, mimi naishia kwenye maji. Ukimaliza, ikaushe, iguse na asetoni halisi nje ya nyumba mbali na moto (ile ya kutolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, iache) halafu uihifadhi pakavu.

Na isiyo na ugonjwa ila imejaa udongo? Maji hayo hayo, kijiti, mswaki laini sana, basi. Herufi ikianza kusomeka simama hapo hapo. Kama haisomeki hata kidogo, pima uzito na upana kwa fundi sonara, aina utaijua bila kuikwangua.

Kutunza ni bahasha ya karatasi, si vile vifuko laini vya plastiki vinavyonata vinavyoiachia sarafu utelezi wa kijani, na ndani ya kopo tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na boksi za viatu. Ukikuta sarafu pamoja na vigae vya vyungu na shanga, acha kuchimba uite afisa utamaduni wa halmashauri, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa. Picha nitumieni kabla hamjaigusa na maji, pande zote mbili, mwanga utoke ubavuni na flashi mzime.