Maji ya Ngamani

Mwanangu Swaleh,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Kusi limeanza, madirisha ya upande wa bahari tumeyafunga tangu Jumatatu, na nyanya yako magoti yamempa nafuu, ngazi anashuka mwenyewe.

Umeniuliza, kwa kuwa nilisomesha Kiswahili miaka thelathini na moja, iwapo hiyo sayansi ya akili unayoisoma huko Edinburgh yaweza kumweleza mtu kwa nini shairi humgusa, au ni kupasua ngoma kutafuta mlio. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, ukauliza iwapo nitaona vibaya ukiiacha fasihi uingie huko moja kwa moja. Makala ulizonitumia nimezisoma zote, kwa kamusi na kwa subira. Swali lako nimelala nalo siku nne, na kila nikitaka kulijibu linanijia jingine: mwalimu ana haki gani ya kumwambia mtoto amesoma vibaya? Najua silo uliloniuliza. Nivumilie, baba.

Habari ya yule mvulana wa Mtongwe sijapata kukuhadithia sawasawa. Dada yako aliwahi kuisikia nusu. Ilikuwa 1989, kidato cha pili, shule ambayo sitaitaja. Niliwapa methali waifafanue: Mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Alama mbili. Mwongozo wa kusahihisha ulisema kwamba mtu azurure atakavyo, mwisho hurudi kwao. Darasa zima liliandika hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyowafunza. Yeye peke yake aliandika kwamba aliye chomboni, aende tezi kwenye usukani, aende omo atazame mbele, hana budi kurudi ngamani, chini kabisa ya chombo, kwa sababu humo ndimo maji yanamokusanyika. Asipoyafua, yaani asipoyateka akayamwaga baharini, chombo kitazama, na tezi na omo viende pamoja. Akamalizia: kazi isiyo na sifa ndiyo inayozibeba zile zenye sifa.

Nilimpa sufuri. Lau ningempa sufuri nikanyamaza, ingekuwa afadhali. Nilimsimamisha, nikalisoma jibu lake kwa sauti, kisha nikamwambia, "Hapa hatusomi uvuvi, twasoma Kiswahili." Darasa likaangua kicheko. Yeye hakujibu neno. Aliketi, akafunga daftari, akaweka kalamu juu yake, na mpaka mwaka ukaisha hakuinua mkono tena darasani mwangu. Maneno yale bado nayasikia, tena kwa sauti ile ile ya ujana niliyokuwa nikijivunia.

Jioni yake nilimhadithia marehemu babu yako nikitaraji atacheka. Wamjua babu yako. Hakusema kitu, alichukua kofia yake, akaniambia nivae buibui tutoke. Tukashuka mpaka Bandari ya Kale. Palikuwa na jahazi limepwelewa, limeegemezwa magogo, akaomba ruhusa kwa nahodha, tukapanda. Chini, karibu na mlingoti, akainua ubao. "Tia mkono." Nikatia. Maji yalinipita kifundo cha mkono, meusi, mazito, yananuka mafuta ya sifa na samaki wa msimu mzima, na kipande cha kumbi kinaelea juu yake. Kando pana upo wa mbao wa kufulia maji, mpini wake umelainika kwa viganja vya watu kama umepakwa nta. Babu yako akaniambia, "Usiku nahodha hulala. Aliye hapa halali."

Nilirudi nyumbani nikanawa mikono mara tatu. Kesho yake nikaingia darasani nikafundisha ngeli. Alama zake sikuzibadilisha. Nilijiambia mwongozo ni mwongozo, na mtihani wa taifa hautamuuliza habari za upo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata kile kicheko: nilikwisha kujua, nami nikanyamaza.

Sasa nije kwenye makala zako. Ile ya Dedre Gentner ya 1983 nimeisoma kalamu mkononi. Asema mtu anapolinganisha jambo na jambo, kinachovuka kutoka huku kwenda kule si umbo wala rangi, ni uhusiano. Kweli. Ngama na nyumbani havifanani hata chembe: kule giza na uvundo, huku udi na mkeka. Kinachofanana ni kule kurudi. Hadi hapo mwongozo wangu ulikuwa sawa. Lakini anaendelea kwamba akili huupendelea uhusiano ulioshikamana na mwingine, hasa wa sababu na matokeo, kuliko ule uliosimama peke yake. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini, nikaenda kusimama barazani. Mwongozo ulikuwa na kurudi tu. Mtoto alikuwa na kurudi, na sababu ya kurudi, na yatakayotokea asiporudi. Mimi nilivusha kamba, yeye alivusha shehena nzima. Ilinichukua miaka na miaka, na mwanamke wa Marekani nisiyemjua, kuambiwa kwa hoja kile babu yako alichonionyesha kwa mkono mmoja ndani ya maji.

Nami nashikilia lile lile mlilolichoka wewe na dada yako: mtu husoma kwa alichowahi kukishika. Husoma kwa mikono kabla ya macho.

Lakini ngoja. Ile ya Mary Gick na Keith Holyoak ya 1980 haikubaliani nami vizuri, na sitaki kuificha. Wanafunzi walipewa mtihani wa daktari: mgonjwa ana uvimbe tumboni, miale yenye nguvu ya kuumaliza itamuunguza na nyama iliyo nzima, na miale hafifu haitaumaliza. Wengi walikwama. Kabla yake wengine walikuwa wamesomewa hekaya ya jemadari anayetaka kuteka ngome, na njia zote za kuingilia zimetegwa, jeshi kubwa haliwezi kupita njia moja. Akaligawa vikundi vidogo, kila kundi njia yake, wakakutana ngomeni kwa pamoja. (Nilipoisoma nilikuwa naiona Fort Jesus, na wewe najua uliiona hiyo hiyo.) Jibu la daktari limo humo humo: miale hafifu kutoka pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Ajabu ni kwamba wengi hawakuliona mpaka walipodokezwa kuwa ile hekaya ingewafaa. Hekaya walikuwa nayo mkononi, moto moto, na haikuwafaa kitu!

Basi kushika peke yake hakutoshi. Lazima awepo wa kudokeza. Na hapo ndipo ninapojikuta nimerudi kwenye kiti changu cha ualimu, maana nani wa kudokeza kama si mwalimu? Kuna watu siku hizi husema kila msomaji na maana yake, mwalimu akae kimya. Sikubali. Methali si mali ya mtu mmoja. Ingekuwa kila mtoto aifafanue atakavyo, wazee wetu wangekuwa wanasemezana nini? Mwenda tezi na omo humaanisha kurudi kwenu, na ajuaye Kiswahili akimwambia hivyo mwanawe aliye mbali, mwana anaelewa bila kuulizia ngama ni kitu gani. Hiyo ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba mvulana hakuipinga maana hiyo. Aliishukia chini yake. Mimi ndiye niliyedhani chini yake hakuna kitu.

Mtazame Muyaka, yule malenga. Aliishi mjini humu Mombasa, akafa yapata 1840, na watu wake walipomsikia hawakuhitaji mwalimu. Akifumba juu ya chombo au mnyama, sokoni walijua nani amepigwa kijembe, Mazrui waliokuwa watawala wa mji, au watu wa Sultani Seyyid Said wa Unguja, kwa kuwa vita vile vilikuwa milangoni mwao. Leo twamsoma kwa maelezo marefu kuliko beti zenyewe, na bila Mwalimu Sikujua aliyezikusanya kwa ajili ya Taylor, yule mmisionari Mwingereza, hata beti tusingekuwa nazo. Husemwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Nimeifundisha methali hiyo miaka yote, nami sasa naiona ina dhuluma ndani yake. Mjinga wa fumbo mara nyingi ni mtu ambaye hakuwepo.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni ile ya David Swinney ya 1979. Kwamba mtu akisikia neno lenye maana mbili, zote mbili huamka kichwani kwa kitambo kidogo, hata kama maneno ya kabla yamekwisha kuonyesha ipi inayotakiwa. Kisha baada ya silabi chache isiyohitajika hulala. Nikalikumbuka lile neno la mvulana, sifa. Kazi isiyo na sifa. Mtoto wa watu wa vyombo, sifa kwake ni heshima, na pia ni yale mafuta ya papa wanayopakia mbao ili zisioze. Sijui kama alikusudia. Lakini kama maneno hufanya hivyo kichwani, basi aliyeyashika mafuta yale husikia vitu viwili pale ninaposikia kimoja, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Na washairi wetu wa zamani, waliokuwa wakifunga vina kwa paa wa mwituni, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki, walilijua jambo hili pasi na mashine. Walikataa kuiacha ile maana ya pili ilale.

Ile makala ya 2013, ya Kidd na Castano, kwamba kusoma hadithi za fasihi kwa dakika chache humfanya mtu atambue vizuri zaidi nyoyo za wenzake, tafadhali usiijengee hoja. Mwenyewe umeniandikia kwamba waliojaribu tena miaka mitatu baadaye hawakuyapata matokeo hayo. Nami siwahitaji waniambie. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika shule ile, na mtoto alikuwa amesimama mbele yangu, uso wake nauona, na nilichekesha watu.

Kwa hiyo sayansi yako yaeleza nini? Yaeleza njia maana ipitayo, na yaeleza vizuri kuliko nilivyodhani. Mwanzo nilitaka kukuandikia kwamba haitafika kwenye lile la shairi kumgusa mtu, kwamba kifua si kichwa. Nikaifuta sentensi hiyo. Nilipoifuta nikaona nimeifuta mapema, kwa maana nikisoma methali ile leo kuna kitu hunikaba hapa kooni, na sijaona makala yenye jina lake. Halafu nikafikiri: je, si maji yale? Si mkono wangu ndio unaosoma? Nikaiacha hivyo.

Kuhusu maandishi yako madogo. Jibu ninalo, limekaa kwenye ncha ya ulimi tangu nilipofungua bahasha, na ami yako amenikataza kukuambia. Asema umri wako mimi nilikwisha kuolewa na kuajiriwa bila kumuuliza mtu. Basi sitasema. Ila chochote utakachochagua, nifanyie hili moja: katika maabara hiyo mnayowavisha watu kofia za nyaya, muwekeeni mtu methali ya chombo, mmoja aliyezaliwa chomboni na mwingine aliyeisoma kwenye mwongozo, mtazame kinachowaka kwa huyu na kwa yule. Nataka kujua. Kama mtahitaji mtu wa Mtongwe, jina lake la ukoo ninalo. Nimelihifadhi kwenye daftari la zamani la mahudhurio, lile la jalada la kijani, na mwezi ujao nitavuka Likoni nikaulizie.

Dada yako akusalimu. Pweza amekauka vizuri, ami yako atakuletea akija.

Mamako