Taa za nyuma kufifia kwenye bodi ya faiba

Ndugu, umesema ukiwasha indiketa huku umekanyaga breki, taa zote za nyuma zinafifia, na balbu umebadilisha mara mbili. Balbu hazina kosa. Bodi ya gari lako ni ya faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo), nayo haipitishi umeme, kwa hiyo taa haina njia ya kurudi kwenye hasi ya betri ila waya. Weka mita kwenye volti 20, taa zikiwaka: ncha moja kwenye kikombe cha chuma kinachoshika balbu, nyingine kwenye hasi. Ikizidi nusu volti, umemnasa mwizi: njia ya kurudi ni mbovu. Vuta waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kila taa hadi chesisi, ile fremu ya chuma chini ya gari (waya hutaukosa Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi), kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa washa ya meno, paka grisi. Chesisi ni ya Volkswagen Beetle, sivyo? Basi kagua pia mkanda wa hasi, unaounganisha giaboksi na chesisi. Giaboksi hiyo imekalia raba, nayo raba haipitishi umeme.