Dada wa Moshi, mwanao simpokei gereji, na sababu ninayo kifuani

Mwezi uliopita niliandika hapa jinsi nilivyoanza ufundi nikiwa na miaka 12 mpaka leo nina gereji yangu mwenyewe Arusha. Mliipenda sana, mliisambaza, simu yangu ikajaa pongezi. Katikati ya pongezi hizo ukaja ujumbe wa dada mmoja wa Moshi, anakaa Pasua. Ameniruhusu niuweke hapa:

"Kaka habari za kazi. Nimesoma ulivyoanza mdogo na leo Mungu amekuinua. Nina kijana wangu wa miaka 13, kamaliza la saba, kachaguliwa sekondari ya kata lakini moyo wake uko kwenye magari tu. Nakuomba umchukue hata bila mshahara, ajifunze rangi kama wewe. Samaki mkunje angali mbichi."

Siku tatu sikumjibu. Nilikuwa namwandikia, nafuta. Mpaka nikatambua kwamba kosa si la dada huyu, kosa ni la ile makala yangu. Niliwasimulia vizuri vyote, vingine nikavificha. Leo navisema.

Baba alifariki mwaka 1998, nikiwa darasa la sita. Miaka ile ada ya shule ya msingi ilikuwa bado haijafutwa, na sisi tulikuwa wanne. Baba mdogo akanishika mkono mpaka gereji moja Unga Limited, akaniweka mbele ya fundi mkuu na kusema maneno yaleyale ya dada wa Moshi: samaki mkunje angali mbichi. Fundi akanitazama mikono, akasema nianze kesho.

Kazi ya kwanza ya saidia fundi kwenye rangi ni msasa. Unapewa ndoo ya maji na kipande cha msasa, unasugua bodi mpaka ukipitisha kiganja usihisi mkwaruzo. Arusha mwezi wa saba maji ya asubuhi yanauma kama sindano. Ngozi ya ncha za vidole ililika ikabaki laini kama ya mtoto mchanga, nikawa siwezi kushika kikombe cha chai ya moto, nakishikia kwa shati. Filla, ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi, tulikuwa tunaisugua kavu. Vumbi lake jeupe lilikuwa linatuingia puani, masikioni, kwenye kope. Jioni nikipenga kamasi, zilitoka na rangi ya gari tuliloshughulikia siku hiyo. Tulikuwa tunachekeana: leo wewe umetoa bluu, mimi nyekundu.

Mchana walinituma nyuma ya kontena kwa mzee wa betri. Huko ndiko ninakokuogopa zaidi nikikumbuka, na wakati ule nilikupenda kwa sababu kulikuwa na kivuli. Mzee alikuwa anafungua betri zilizokufa, mimi namwaga asidi mtaroni, nakwangua tope la kijivu kwenye zile sahani kwa bisibisi, yeye anayeyusha risasi, ile metali ya ndani ya betri, kwenye karai juu ya mkaa. Akipita mama wa mihogo ya kukaanga, nafuta mikono kwenye suruali, nakula. Ile ladha ya chuma mdomoni nilifikiri ni ya mafuta ya kukaangia. Nyumbani mama alifua nguo zangu kwenye beseni moja na za mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Leo najua ile risasi ni nini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto anaweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye chanzo kilekile. Inapunguza damu, inaharibu figo, inadhuru ubongo ambao bado unajengwa, halafu inajificha kwenye mifupa na meno miaka na miaka. Na inafika mpaka nyumbani kwenye nguo za mfanyakazi, ikawakute wasiojua hata gereji iko wapi. Mimi sikuwahi kupimwa, kwa hiyo sitasema maumivu yangu ya tumbo ya wakati ule yalitokana nayo. Ninachojua ni kwamba darasa la tano nilikuwa wa tatu kwa hesabu, na nilipofika miaka 16 nilikuwa nasoma bei ya rangi mara mbili mbili kabla haijaingia kichwani. Hilo huwa linaniuma usiku.

Kwenye kupiga rangi yenyewe kinga yetu ilikuwa leso na nusu lita ya maziwa. Leso unafunga puani, maziwa unakunywa baadaye ili "yaoshe kifua". Najua mafundi wengi mnaonisoma bado mnawanunulia vijana wenu maziwa na mnajiona mmewatendea haki. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa tina inayozimua rangi na haidna inayoigandisha umeshapita njia nyingine, uko kwenye mapafu. Hata barakoa ya kawaida inazuia vumbi tu, mvuke unapita kama hakuna kitu.

Wenzangu watatu wa mtaani waliona gereji inachelewa kulipa, wakaenda Mererani kwenye migodi ya tanzanite, wakati huo bado ikihesabiwa mkoa wa Arusha. Walikuwa wembamba, wakawa "nyoka", wale watoto wanaopenya kwenye matobo ambayo mtu mzima hapiti. Sisi tuliobaki tuliwaonea wivu, maana walirudi sikukuu na viatu vipya. Mmoja wao alimalizia maisha Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, kwa kifua. Vumbi la mwamba likishatia makovu kwenye mapafu halisafishiki, na mapafu ya namna hiyo kifua kikuu kinayapata kirahisi. Alikuwa na miaka 27.

Miaka ya katikati naipita, kazi ni ileile. Nilipanda nikawa fundi rangi, nikajulikana. Zile Land Cruiser za utalii zinazorudi kutoka Serengeti zimechanwa na miiba, asilimia kubwa ya kampuni za hapa mjini zimeshawahi kuniletea. Nimejenga Kwa Mrombo. Nina mafundi saba. Sijivuni bure, nilivitolea jasho.

Mwaka 2019, usiku mmoja baada ya kumaliza Hiace, niliamka nikahisi kama kuna mtu amenikalia kifuani. Pumzi inatoka kwa filimbi. Mke wangu alimwamsha jirani mwenye gari. Hospitali walinipulizisha kwenye mashine mara tatu, kisha daktari akaniambia ni pumu, na kwa maelezo yangu inatokana na kazi. Haidna ya rangi ina kemikali inayoweza kuufanya mwili uwe na uadui nayo, na ukishafika hapo hata harufu ndogo inatosha kukubana. Akaniuliza, "Hii kazi ulianza lini?" Nikajibu kwa sauti ya kujidai kama nilivyozoea: "Nikiwa na miaka 12, dokta!" Akaweka kalamu mezani.

Akanieleza taratibu. Mapafu ya binadamu yanaendelea kukua mpaka amepita miaka 18. Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mkisimama wote kwenye banda moja la rangi, yeye anaondoka na mzigo mkubwa zaidi. Hakuweza kuniambia ni rangi ya mwaka gani iliyoniharibu. Aliniambia tu kwamba nina pumzi pungufu ya mtu wa umri wangu, na kwamba nisishike tena bunduki ya rangi. Sijaishika tangu siku hiyo. Nasimama mbali, naelekeza kwa mkono, inhela mfukoni.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kulisema hata kwa mke wangu vizuri.

Mwaka 2014 bibi mmoja wa mtaani aliniletea mjukuu wake, chalii wa miaka 13. Nilimpokea. Nilimwambia bibi maneno ya kumtia moyo: mimi nilianza mdogo kuliko huyu. Dogo alikuwa mwepesi, hana maneno. Siku moja tulitaka petroli kidogo ya kusafishia vyuma, nikamwambia anyonye kwa mpira kutoka kwenye tangi, kama nilivyokuwa nikituma na kutumwa. Alivuta mara ya kwanza, haikuja. Akavuta kwa nguvu zaidi. Nilimwona macho yanamtoka, akaangusha mpira, akaanza kukohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, mate yanang'aa mafuta kidevuni. Na mimi nilifanya nini? Nilimtuma mtu maziwa. Nikamwambia ajitapishe, akajitapisha, na ndivyo mafuta yanavyopata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Usiku akapandisha homa. Alilazwa siku tano na kifua kilichoungua kwa petroli. Nililipa nusu ya bili nikajihesabu mwema.

Hakurudi gereji. Mwaka jana nilikutana naye karibu na soko la Kilombero, sasa anaendesha bodaboda. Akazima pikipiki, akavua kofia: "Shikamoo bosi." Nilishindwa hata kuitikia marahaba kwa sauti.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kufungua gereji, na najua ni wengi, sikilizeni. Kila anayesema "mimi nilianza mdogo na niko hapa" anahesabu waliobaki. Hamhesabu wa Kibong'oto. Hamhesabu dogo wa petroli. Nilikuwa nahesabu hivyohivyo miaka 20. Yule samaki mbichi mnayemkunja ana mapafu, ana ubongo, ana mgongo ambao haujakomaa, na mkishavikunja havikunjuki.

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi, tena kazi nyepesi isiyomzuia shule. Kazi hatarishi ni mpaka afike 18. Kazi yenye kemikali na mashine ni hatarishi, hakuna mjadala, hata kama anayemtuma ni mjomba wake. Usimpokee. Akiletwa na bibi analia, usimpokee. Akija mwenyewe akasema ana miaka 18 na sauti haijavunjika, usimpokee. Ukijua mahali mtoto anateswa na kazi, piga 116, ni bure.

Na kama mtoto wako tayari yuko huko wakati unasoma hii, mtoe. Unapojipanga kumtoa, angalau leo asinyonye mafuta kwa mdomo, asiguse betri, asikae bandani wakati wa kupiga rangi, anawe kwa sabuni kabla ya kula na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Akikohoa, ukifika hospitali mwambie daktari anafanya kazi gani. Watu wanasahau hili, mtoto anapewa dawa ya mafua miezi mitatu kumbe ni haidna. Lakini haya yote ni ya kupunguza tu. Dawa ni kumtoa.

Dada yangu wa Moshi, nirudi kwako. Najua ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na michango havikufutwa, na nadhani hapo ndipo ulipokwama, ukaona aibu kuandika. Mpeleke shule. Sare na madaftari ya mwaka wa kwanza nitalipa mimi, nitumie vipimo vyake. Akimaliza kidato cha nne na bado moyo uko kwenye magari, chuo cha ufundi cha Veta kipo hapohapo Moshi, asome injini na umeme wa magari kwa utaratibu, kwenye karakana yenye mwalimu. Likizo mlete atembee, aone Land Cruiser zikifunguliwa injini, akae nami upande wa ofisini. Upande wa rangi hatakanyaga.

Jina lake nimeshaliandika kwenye daftari la gereji, ukurasa wa mwisho, na mwaka atakaotimiza 18 pembeni.