Kitufe cha Caps Lock kilivyonirudishia heshima Nasser Road

Wiki iliyopita nilikabidhi kitabu cha hadithi za watoto cha Kiganda, kurasa 48, michoro yote ya mkono wangu na herufi zote nimezipanga mwenyewe. Msomaji wa prufu alirudisha masahihisho matatu tu, na hakuna hata moja lililohusu ŋ, herufi ya Kiganda inayotamkwa kama ng' yetu. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka letu hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, soda mkononi, machozi yakinilenga. Asiyewahi kupanga herufi za Kiganda hatanielewa, kwa hiyo ngoja nieleze.

Jioni ile ile kijana mmoja wa Mbale akaniandikia: "Kaka, nimenunua tableti ya kuchorea. Kila nikiituliza kalamu kinatokea kiduara, halafu mstari unachelewa. Au nimeuziwa mbovu?" Hapana, mdogo wangu, hukuuziwa mbovu. Nitakujibu, lakini kwanza sikiliza yaliyonipata mimi.

Kiswahili chetu kinatosheka na ng', kama katika ng'ombe. Kiganda kina herufi yake kamili, ŋ, nayo imo katika tahajia iliyosanifiwa mwaka 1947: eŋŋoma (ngoma), eŋŋamira (ngamia). Kibodi zinazouzwa mjini ni za Kiingereza, na herufi hiyo haimo. Miaka minne iliyopita nilipewa kitabu changu cha kwanza. Nilikuwa nakopi ŋ kutoka faili la zamani na kuipachika, moja baada ya nyingine. Saa sita za usiku mkono umechoka, unaandika n tupu na kujiambia utairudia kesho. Kesho ikaja na kadi za harusi za mteja mwingine.

Mhariri alifungua ukurasa wa pili, akafunga. Akasema mbele ya wenzangu wote: "Huyu lugha si yake, ndiyo maana." Ni kweli nilizaliwa kambini Bombo, nikakua na Kiswahili na Kinubi, Kiganda nikakiokota mtaani. Lakini neno eŋŋoma nilikuwa nalijua vizuri kama yeye. Kilichokosea ni vidole. Kazi akapewa mtu mwingine, nami nikarudi kwenye mabango. Bado inaniuma, sitaficha.

Nilichokifanya baadaye kilinichukua jioni moja. Kuna programu ya bure ya Windows iitwayo AutoHotkey. Unaandika faili dogo la maandishi, unalihifadhi, unalibofya mara mbili. Katika toleo la pili, mistari yangu ni hii miwili:

CapsLock::Send "ŋ"
+CapsLock::Send "Ŋ"

Alama ya kujumlisha ni Shift. Basi. Caps Lock, kitufe kipana kilicho karibu kabisa na kidole kidogo, ambacho sikukitumia ila kwa bahati mbaya, sasa kinaandika herufi iliyonitia aibu. Usiyetaka kuandika chochote, pakua PowerToys ya Microsoft. Ndani yake kuna kisimamizi cha kibodi ambamo unachagua kitufe hiki kifanye kazi ya kile, au kiandike herufi unayoitaka. Wenye Mac wana Karabiner-Elements. Ukiwa kwenye Word na huna lolote kati ya hayo, andika 014B kisha bonyeza Alt na X, herufi itatokea.

Angalieni fonti pia. Kuna fonti nzuri za mabango zisizo na ŋ kabisa, na mahali pake panabaki kisanduku kitupu. Nilikiona kisanduku hicho kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa, mara moja tu, na tangu siku hiyo huandika eŋŋoma kabla sijachagua fonti yoyote.

Na vitufe vilivyokufa msivikimbilie kwa fundi. Wengi wetu tunatumia laptopu za mitumba kutoka Ulaya, nyingine zina mpangilio wa Kijerumani ambao Y na Z zimebadilishana mahali. Hilo ni la mipangilio ya lugha, dakika mbili. Kitufe kikifa kwa kumwagikiwa chai, kihamishie kazi yake kwenye kile usichokitumia. Ila kumbukeni mabadiliko ya PowerToys hayafanyi kazi kwenye ukurasa wa kuingilia kompyuta, kwa hiyo msitie herufi ya kitufe kilichokufa katika nenosiri.

Sasa kalamu. Hapa nilifanya kosa kubwa zaidi. Kalamu yangu ina vitufe viwili ubavuni, na kwa pupa nikakipa cha chini kazi ya kufuta leya, yaani tabaka zima la mchoro. Mimi hushika kalamu kwa nguvu. Nikichora simba wa ukurasa wa 19, kidole gumba kikakikandamiza, leya ya rangi ikaondoka, nami nikaendelea kuchora macho na kuhifadhi bila kuona. Kazi ya siku mbili. Tangu hapo kalamuni naweka mambo yasiyoweza kuharibu kitu: kitufe cha juu kinachukua rangi kutoka kwenye mchoro (katika programu ya kuchorea ya Krita ni kazi ya Ctrl, katika Photoshop ni Alt ukiwa na brashi), cha chini kinasogeza karatasi. Kutendua kunabaki kwenye mkono wa kushoto, kwenye kibodi.

Badilini kitufe kimoja kwa wiki. Kimoja. Nilipobadilisha tisa kwa siku moja nilisahau vyote, nikawa mzito kuliko mwanzo. Kimoja, mpaka kidole kikijue chenyewe.

Ndugu zangu, mbona tunavumilia? Mpangilio wa QWERTY, huu wa kibodi zetu, ulitokana na taipureta za Marekani za miaka ya 1870. Waliouunda hawakuijua eŋŋoma, na hawana kosa. Kosa ni letu sisi tunaoikata lugha ya watu ili ienee kwenye kibodi, halafu mtoto wa darasa la kwanza anasoma neno ambalo bibi yake halitambui. Unatumia saa nane kila siku mbele ya kompyuta, na jioni moja ya kuvifundisha vidole vyako unaiona nyingi?

Kijana wa Mbale: fungua paneli dhibiti (Control Panel) ya Windows, sehemu ya kalamu na mguso, chagua tendo la kubonyeza na kushikilia, ingia mipangilio yake, uondoe tiki inayolifanya liwe kama kubofya kulia. Kiduara kitaondoka. Ikiwa ulikuwa na tableti ya kampuni nyingine kabla ya hii, ondoa draiva yake ya zamani (programu inayoiendesha) na uwashe kompyuta upya, maana draiva mbili hugombana na kalamu hupoteza hisia ya mkazo.

Nakala za kitabu zinatoka mtamboni Ijumaa. Moja nimeiombea bahasha ya kaki, ya yule mhariri. Sijaamua kama nitaipeleka mwenyewe.