Chupa yenye virusi 52 na skrini isiyo na rangi

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu amenirithisha Game Boy yake ya zamani, mashine ya michezo ya mkononi, ile nene ya kijivu, pamoja na kaseti ya Dr. Mario, mchezo wa kudondosha vidonge ndani ya chupa ili kufuta virusi vya rangi ileile. Hatua za mwanzo nazimaliza bila taabu, lakini nikifika hatua ya 12 chupa hujaa hadi shingoni. Mara nyingi naweka kidonge cheusi nikidhani ni cha kijivu, na mara nyingine kipande hubaki kinaning'inia hewani ilhali chini yake pako wazi. Je, mashine imechoka, au ni mimi nisiyejua kucheza?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na kipande kinachoning'inia, maana hapo hakuna ubovu wowote. Kidonge ni nusu mbili zilizoshikana, na maadamu zimeshikana, huanguka pamoja au hazianguki kabisa. Nusu ya kushoto ikikalia kirusi, ya kulia itabaki juu ya uwazi hata kama chini yake pana vyumba vitano vitupu, yaani ile miraba midogo inayoigawa chupa. Nusu moja inapofutwa, iliyobaki hugeuka kiduara na kuporomoka peke yake mpaka ikutane na kitu. Virusi vyenyewe havianguki kamwe. Ukishaizoea kanuni hiyo utaipenda, kwa sababu nusu inayoporomoka ikitua juu ya tatu za rangi yake, nazo hufutika bila wewe kugusa kitufe.

Kuhusu rangi, mchezo huu ulitoka mwaka 1990 katika matoleo mawili: la kuchezea kwenye televisheni, lenye nyekundu, njano na buluu, na hili la mkononi, ambalo rangi hizo zimekuwa nyeusi, kijivu na nyeupe. Game Boy ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, huonyesha vivuli vinne tu, na skrini yake haina taa, hivyo unaona kwa mwanga unaoiangukia kutoka nje. Skrini nzima ina pikseli, yaani nukta za picha, 160 kwa 144, na kila chumba cha chupa ni pikseli 8 kwa 8. Katika eneo dogo kiasi hicho, kijivu na cheusi hukaribiana upesi. Tazama ubavu wa kushoto wa mashine, utakuta kigurudumu kidogo. Kizungushe taratibu mpaka kijivu kijitenge na cheusi bila cheupe kutoweka, kisha kaa mwanga ukitokea nyuma ya bega lako. Kitaa chekundu kilicho kando ya skrini kikianza kufifia, badilisha betri zote nne kwa pamoja. Mimi naliona toleo hili kuwa zuri kuliko watu wanavyolisema, kwa kuwa jicho likishatulia, vivuli vitatu vinatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye hatua ya 12 yenyewe. Idadi ya virusi ni namba ya hatua ukiongeza moja, mara nne, kwa hiyo hapo unakabiliwa na virusi 52 ndani ya chupa yenye upana wa vyumba 8 na kimo cha vyumba 16. Ili kufuta, unahitaji vinne au zaidi vya rangi moja, kwa wima au kwa mlalo. Nashuku kwamba unatafuta mistari ya mlalo, na hapo ndipo chupa inapojaa, kwa kuwa mstari wa mlalo unahitaji nguzo nne jirani, yaani safu za wima, zilingane kimo, wakati virusi vimetawanyika ovyo. Jenga kwa wima. Kidonge cha rangi moja kisimamishe juu ya kirusi cha rangi yake; viwili vya namna hiyo vinamaliza kazi, na nusu ya ziada inafutika pamoja na zingine.

Kidonge cha rangi mbili ndicho kinachowatia watu hofu, nacho kina mahali pake. Tuseme nguzo ya tatu ina cheusi juu na ya nne ina cheupe, zote zikiwa kimo kimoja: kilaze kidonge cheusi na cheupe juu yake, kila nusu kwa mwenzake, nawe umelisha nguzo mbili kwa mkupuo mmoja. Kikija kimegeuka, kumbuka kwamba vitufe vya A na B huzungusha kuelekea pande tofauti. Kisicho na mahali kabisa kipeleke ukutani, kamwe si katikati, kwa sababu vidonge huingilia kwenye nguzo mbili za kati, na zikizibwa hadi juu umeshindwa hata kama pembeni kote ni kutupu. Kasi nayo huongezeka kila baada ya vidonge 10, hivyo fungua katikati mapema, ungali na muda wa kufikiri.

SWALI: Nikizima mashine, alama zangu za juu hufutika. Je, kaseti yangu ni bandia?

JIBU: Hapana. Kaseti ya mchezo huu haina betri ya ndani ya kuhifadhia kumbukumbu, na halisi zote ziko hivyo. Tumia daftari, lakini usiandike alama peke yake. Kwa kasi ya chini kirusi cha kwanza kina alama 100, na ukiua kadhaa kwa kidonge kimoja, kila kinachofuata huongezwa maradufu: 200, 400, 800. Kwa kasi ya juu unaanzia 300. Kufuta vidonge vitupu, bila kirusi ndani yake, hakukupi chochote. Kwa hiyo andika hatua uliyoanzia, kasi uliyochagua, kisha alama.