Kengele ya Dakika 25 Inanikatiza

SWALI: Kazi yangu yote ni ya kompyuta: ripoti, barua pepe, na kundi la kazini kwenye simu. Nimejaribu mbinu ya Pomodoro, ya kufanya kazi kwa vipindi vifupi vinavyopimwa kwa kengele, lakini kengele hulia ndiyo kwanza nimeshika kasi, na ujumbe hauishi kuingia. Niachane nayo?

JIBU: Usiiache, irekebishe. Francesco Cirillo, Mwitalia aliyeibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: kazi dakika 25, pumziko dakika 5, na baada ya duru nne pumziko la dakika 15 hadi 30. Saa ile ilijua kulia tu. Yako imo ndani ya simu. Ukiishika kuzima kengele unakutana na ujumbe, na pumziko linakwisha hujainuka kitini. Tumia saa iliyo nje ya simu.

Muda nao si amri. Ripoti inayokutaka usome mafaili matatu kabla ya kuandika sentensi moja, ipe dakika 50, pumziko 10. Barua pepe zibaki kwenye 25, maana ukizipa saa nzima zitaimaliza. Kengele ikikukuta katikati, andika kwanza hatua inayofuata, mathalani “jedwali la 2: linganisha jumla na ya mwezi uliopita”, ndipo uinuke. Ukirudi hutahangaika kutafuta ulipoishia.

Arifa zizime, kisha fungua ujumbe kwa nyakati maalumu, tuseme saa nne, saa saba na saa kumi. Waarifu wenzako mapema: “Ujumbe nausoma saa hizo, kwa dharura nipigieni.” Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa ujumbe unaongezeka: mtu asiyejibiwa hutuma tena.

Weka karatasi pembeni. Ukikumbuka jambo, liandike hapo, usilifungulie ukurasa mpya. Kila unapokatizwa piga alama: mkwaju (/) ukijikatiza mwenyewe, msalaba (+) ukikatizwa na mtu. Hesabu baada ya wiki. Mikwaju ikizidi, usililaumu kundi. Simu ihamie chumba kingine wakati wa duru.

Kama kazi yako ni kuhudumia wateja papo kwa papo, mbinu hii haitakufaa zamu nzima. Patana na mwenzako: akushikie laini saa moja, nawe umshikie yake saa inayofuata.